Usimpige mbwa anayenguruma, anakuonya kabla hajamuuma mwanao

Swali la kwanza la muuguzi Jumapili ile lilikuwa fupi: mbwa ni wa nani? Dada yangu alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa. Wa kwetu.

Mwanawe wa miaka sita alikuwa amempakata, khanga imebanwa shavuni. Jeraha lilikuwa chini kidogo ya jicho. Bobi, mbwa waliyemlea nyumbani kwao Goba, Dar es Salaam, tangu akiwa wa kubebwa mkononi, alikuwa anakula. Mtoto alipita karibu na sahani yake akainama kuokota mpira. Ikawa hivyo.

Tukiwa kwenye foleni, shemeji yangu alirudia jambo moja mara nyingi: mbwa hakunguruma hata kidogo. Ni kweli, hakunguruma. Lakini zamani alikuwa akinguruma. Miezi kadhaa kabla ya hapo, kila mtu aliyemsogelea akiwa anakula alingurumiwa, na kila aliponguruma alichapwa fimbo ili aache ujeuri. Akaacha. Hofu ya kunyang'anywa chakula ilibaki palepale, kilichoondoka ni taarifa.

Nimeandika habari za kichaa cha mbwa zaidi ya mara moja, na kila mara niliishia kwenye chanjo. Safari hii nilijikuta nauliza swali la nyuma zaidi: kwa nini mbwa wa nyumbani anamuuma mtoto wa nyumbani, na mzazi anaweza kufanya nini kabla ya siku hiyo kufika?

Hatari iko ndani ya geti

Wengi wetu tunawaonya watoto dhidi ya mbwa wa mtaani. Ni vizuri, lakini watoto wengi wanaoumwa huumwa na mbwa wanayemfahamu: wa kwao, wa jirani au wa babu na bibi. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa, ndiyo maana watoto wadogo huumizwa zaidi kichwani, usoni na shingoni kuliko watu wazima.

Jeraha si tatizo pekee. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na kati ya kila waathirika kumi, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huishia kwenye kifo.

Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa ni kinga moja. Mbwa asiye na sababu ya kuuma ni kinga nyingine, na hiyo hainunuliwi dukani. Inajengwa nyumbani.

Fimbo inamfundisha nini?

Mwishoni mwa karne ya 19, mtafiti wa Marekani Edward Thorndike aliwafungia paka kwenye visanduku vyenye mlango unaofunguka kwa kugusa kitu fulani, chakula kikiwa nje. Paka alihangaika, kisha kwa bahati akagusa palipotakiwa, akatoka, akala. Kadiri alivyorudishwa ndani, ndivyo alivyotoka haraka zaidi. Hitimisho la Thorndike ni rahisi: tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa, tendo lisilo na faida hufifia.

Mbwa hujifunza vivyo hivyo. Fimbo nayo hufundisha, tatizo ni kwamba hatuna uhakika inafundisha nini. Unampiga kwa sababu amemrukia mgeni, yeye anaona mgeni amefika na maumivu yamefika. Kesho mgeni akija, hofu inatangulia. Unampiga kwa sababu mtoto amemkaribia naye akanguruma, yeye anajifunza kwamba mtoto akisogea kuna kipigo.

Mwaka 2020 jarida la kisayansi la PLOS ONE lilichapisha utafiti uliofanyika Ureno kwa mbwa 92 wa majumbani. Baadhi walifundishwa kwa zawadi, wengine kwa njia za kuumiza na kutisha, kama kuvutwa kamba kwa nguvu na kukemewa. Watafiti walipima kwenye mate homoni ya kotisoli, inayopanda mwili unapokuwa kwenye msongo. Mbwa waliofundishwa kwa vitisho walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na kotisoli yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo kuliko ya wale waliofundishwa kwa zawadi.

Lipo pia wazo kwamba mbwa lazima aonyeshwe nani bosi. Chanzo chake kimojawapo ni utafiti wa mwaka 1947 wa Rudolf Schenkel, aliyechunguza mbwa mwitu wa jamii ya Ulaya waliofungiwa pamoja. Wanyama hao waligombana, na watu wakaamini kila kundi lina mbabe anayetawala kwa ubavu. Mmarekani David Mech alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1970, lakini baadaye, baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu walio huru porini, alilisahihisha yeye mwenyewe. Alichokikuta huko ni familia: baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi.

Ushahidi uko Morogoro

Anayedhani mafunzo kwa zawadi ni mambo ya Ulaya aangalie yanayofanyika kwetu. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye sampuli za makohozi. Panya hapigwi. Akipatia, husikia mlio mfupi wa kidude cha mkononi, kisha hupewa chakula, mara nyingi ndizi. Mlio unamwambia: hapo umepatia, malipo yanakuja.

Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, akiwa panya wa kwanza kuipata. Kazi ya kuokoa maisha ilifundishwa kwa ndizi. Kumfundisha mbwa wako kukaa chini mgeni anapoingia ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Mbwa anaongea kabla hajauma

Ni nadra mbwa kuuma bila kutoa ishara. Sisi ndio hatuzioni, au tunaziona tunacheka. Mtoto anamkumbatia mbwa, mbwa anageuza kichwa, sisi tunatoa simu tupige picha.

Ishara za mwanzo ni ndogo. Mbwa anapiga mwayo ilhali hana usingizi. Analamba midomo wakati hakuna chakula. Anageuza uso, na weupe wa jicho unaonekana pembeni. Masikio yanalala nyuma, mkia unaingia katikati ya miguu. Anajaribu kuondoka.

Asiposikilizwa anaongeza sauti. Anakakamaa ghafla kama aliyegandishwa, hapo ni hatari. Kisha ananguruma, anaonyesha meno, anang'ata hewani. Kuuma ni hatua ya mwisho.

Kutikisa mkia nako kusikudanganye. Mkia uliolegea, mwili wote ukiyumba pamoja nao, mara nyingi ni furaha. Mkia uliosimama juu, unaotikisika haraka huku mwili umekaza, unaonyesha mbwa aliyepandwa na hisia, na si lazima ziwe nzuri.

Sasa turudi Goba. Kunguruma ni kama king'ora. Ukichapa king'ora kikanyamaza, moto unaendelea kuwaka. Mbwa akinguruma, mwondoe mtoto kwa utulivu, mpe mbwa nafasi, kisha jiulize nini kilimsumbua: chakula, usingizi, maumivu, watoto wake, au kushikwa asipopenda. Hicho ndicho cha kushughulikia. Na mbwa aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwani maumivu ya sikio, jino au kiungo humfanya mnyama awe mkali.

Anzeni hivi nyumbani

Huhitaji vifaa vya gharama. Tafuta kitu anachokipenda, ukikate vipande vidogo kama punje ya hindi: dagaa, maini au firigisi iliyochemshwa. Usimpe chokoleti, zabibu, vitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Vitatu vya kwanza ni sumu kwake, na mifupa hiyo huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumchoma tumboni.

Chagueni neno moja la kumwambia amepatia, kwa mfano "safi". Siku ya kwanza semeni "safi" na kumpa kipande hapohapo, mara kumi au kumi na tano. Atajua neno hilo lina maana ya chakula. Baada ya hapo, neno litoke sekunde ileile anapofanya jambo zuri. Ukichelewa, utakuwa umelipia kitu kingine.

Kumfundisha kukaa, shika kipande mbele ya pua yake, kisha kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kikipanda, makalio yatashuka. Yakigusa chini, sema "safi" na umpe. Usimkandamize mgongo. Akishaelewa, tangulia kusema "kaa". Kiingereza si lazima. Mbwa hajui Kiingereza wala Kiswahili, anajua sauti ileile inayorudiwa.

Kumfundisha kuja anapoitwa kuna sharti moja: asiitwe kamwe ili aadhibiwe. Mbwa anayeitwa na kuchapwa hujifunza kukimbia jina lake. Kila akija, apate kitu kizuri.

Kwa anayelinda sahani kama Bobi, mtu mzima, si mtoto, apite mbali kidogo na kutupa karibu na sahani kipande kitamu kuliko kilichomo, kisha aendelee na safari yake. Siku baada ya siku, mbwa hujifunza kwamba mtu akisogea chakula kinaongezeka. Kusogea kufanyike polepole, na akikakamaa mrudi nyuma. Kama tayari ameuma, msijaribu wenyewe. Tafuteni daktari wa mifugo awaongoze, na mbwa ale mahali palipofungwa ambapo mtoto hafiki.

Vipindi viwe vifupi, dakika tatu hadi tano, mara mbili kwa siku. Familia nzima itumie maneno yaleyale. Baba akisema "kaa", dada wa kazi akisema "lala" na watoto wakipiga kelele, mbwa atachanganyikiwa, kisha tutamwita mjinga.

Na anapokosea? Mnyime faida. Akikurukia, geuka, usimwangalie, usimguse. Miguu yote minne ikiwa chini, msifu. Akitafuna viatu, viatu vitoke njiani, apewe kitu chake cha kutafuna. Mbwa anayekaa kwenye mnyororo mchana kutwa bila kutembezwa wala kuchezewa ana nguvu zisizo na pa kwenda, na hakuna mafunzo yatakayoshinda hali hiyo.

Zipo familia ambazo kwa imani yao mate ya mbwa ni najisi, na mbwa anafugwa nje kwa ulinzi tu. Njia hii inawafaa nao. Chakula kinarushwa chini au kuwekwa kwenye chombo chake, na mafunzo yanafanyika bila kumgusa.

Atalinda kweli?

Hili ndilo swali la shemeji yangu, na nadhani ni la kina baba wengi. Mbwa wa kubembelezwa kwa dagaa si atakuwa mzembe? Mwizi si atamrushia nyama yakaisha?

Kubweka akisikia mtu asiyemjua ukutani ni jambo ambalo mbwa wengi hulifanya bila kufundishwa, na zawadi hailiondoi. Inachoongeza ni kwamba atanyamaza ukimwambia, na atakuja ukimwita. Mbwa wa kunusa dawa za kulevya kwenye viwanja vya ndege wengi hufanya kazi kwa malipo ya mpira wa kuchezea, na hakuna anayewaita wazembe. Mbwa mwenye hofu ndiye wa kutiliwa shaka, kwa kuwa hofu haichagui kati ya mwizi, muuza maziwa na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Kuhusu nyama ya mwizi, anayeitamani zaidi ni mbwa anayelala njaa.

Wafundishe na watoto

Mbwa hata awe mpole kiasi gani, mtoto mdogo asiachwe naye bila mtu mzima kuangalia. Wafundishe watoto mambo haya, na myarudie mara kwa mara:

Usimsogelee mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au mwenye watoto.

Usimkumbatie, usimvute mkia wala masikio, usimpande mgongoni.

Usimguse mbwa wa watu bila kumuuliza mwenyewe.

Mbwa usiyemjua akikufuata, usikimbie wala kupiga kelele. Simama kama mti, mikono chini, usimwangalie machoni. Ukianguka, jikunje, ufunike uso na shingo.

Mtoto mkubwa kidogo anaweza kushiriki mafunzo akiwa pamoja na mzazi. Mtoto anayemfundisha mbwa "kaa" kwa dagaa anajifunza naye kusubiri, kusema kwa upole na kusoma hali ya mwenzake.

Akiuma, usingoje

Osha jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mchubuko mdogo. Usipake mafuta ya taa, majivu wala pilipili. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu na anaonekana mzima. Mtoa huduma ndiye ataamua kuhusu chanjo, na dozi zikianza zimalizwe zote kama mlivyoelekezwa.

Msimuue mbwa kwa hasira. Kama anaweza kufungiwa salama, toeni taarifa kwa ofisa mifugo, kwa sababu mbwa huangaliwa kwa siku 10, na hali yake katika siku hizo huwasaidia wataalamu kujua hatari aliyonayo mtoto. Wakati huo matibabu ya mtoto hayasubiri.

Na kadi ya chanjo ya mbwa iangalieni leo. Sisi tulipoitafuta ya Bobi tuliikuta nyuma ya kabati, muda wake umepita kwa mwaka mzima.

Bobi aliangaliwa siku zote kumi, akawa mzima, akachanjwa. Mtoto alimaliza dozi zake na kovu limebaki dogo. Sasa mbwa anakula nyuma ya nyumba, mlango mdogo ukiwa umefungwa, na jioni shemeji yangu hutoka na kibakuli cha dagaa na neno lake la "safi".

Wiki mbili zilizopita nilikuwa huko tukila chakula cha mchana. Mtoto mmoja wa jirani alisogea kwenye ule mlango mdogo kuchungulia, na kutoka ndani tukasikia mngurumo wa chini. Zamani shemeji angeinuka na fimbo. Safari hii aliinuka akamshika mtoto mkono, akamleta mezani.

Akamwambia, "Umemsikia? Amesema anakula. Mwache amalize."